Mimea ya Ndani na Bonsai Nchini Uganda: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Miongozo mingi ya mimea ya ndani imeandikwa kwa ajili ya nchi zenye baridi kali. Inakuambia uweke chungu kwenye dirisha la kusini, upunguze maji theluji ikianza, na ubadilishe udongo baridi ikiisha. Ukiwa Kampala, Mbale au Mbarara, ushauri huo utakupoteza. Hapa kalenda ya mmea ni mvua na kiangazi, na jua la saa sita linakuwa juu ya paa. Anayeanza akishayaelewa hayo mawili, kazi iliyobaki ni ya mikono tu.

Mwanga kwanza

Uganda imepitiwa na ikweta, kwa hiyo mchana una takriban saa 12 mwaka mzima. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua hupita upande wa kaskazini, na miezi mingine hupita kusini. Dirisha la kaskazini lenye mwanga mzuri mwezi wa Juni linaweza kuwa hafifu Desemba, na la kusini kinyume chake. Dirisha la mashariki ndilo bora kwa anayeanza, maana linapata jua laini la asubuhi kwa saa mbili tatu na kisha kivuli chenye mwanga. La magharibi hupokea jua kali la alasiri, ambalo huunguza majani mapana, hasa Januari na Februari.

Nyumba zetu nyingi zina paa lililochomoza mbele, wavu wa mbu dirishani na mapazia mazito. Kila kimoja kinapunguza mwanga, na macho yetu hayatambui kwa sababu yanazoea. Pima hivi: saa sita mchana weka karatasi nyeupe mahali utakapoweka chungu, kisha shika mkono wako sentimita 30 juu yake. Kivuli chenye kingo kali maana yake ni mwanga mwingi. Kivuli kinachoonekana lakini kingo zake zimefifia ni mwanga wa kati, unaofaa mimea mingi ya ndani. Ikiwa kivuli hakionekani, mmea wowote utadhoofika hapo, hata kama muuzaji amekuhakikishia kwamba unapenda giza. Hakuna mmea unaopenda giza. Ipo tu inayochelewa kufa.

Mimea ya kuanzia

Anza na mitatu au minne, usianze na kumi. Sanseviera, yenye majani marefu yaliyosimama wima, huvumilia wiki mbili hadi tatu bila maji. Zamiokulkasi, mmea wa asili ya Afrika Mashariki na Kusini, huhifadhi maji katika viazi vyake vya chini ya udongo, kwa hiyo humwadhibu anayemwagilia kila siku. Pothosi hutambaa, na ukikata kipande chenye vifundo viwili ukakiweka kwenye maji kitatoa mizizi ndani ya wiki mbili hadi nne. Drasena, ile inayopandwa mipakani mwa mashamba, hukua vizuri sana ndani ya chungu na hupatikana kwa urahisi. Mshubiri unahitaji dirisha lenye jua la moja kwa moja.

Kama kuna watoto wadogo au mbwa nyumbani, weka pothosi, zamiokulkasi na difenbakia (ile yenye majani mapana yenye madoa meupe) mahali wasipofikia. Utomvu wake una chembechembe kali kama sindano zinazochoma mdomo na kuvimbisha ulimi.

Unaponunua kwenye kitalu cha barabarani, inua chungu au mfuko uangalie chini. Mizizi michache inayotokeza ni dalili nzuri. Mizizi minene iliyozunguka kama kamba inaonyesha mmea umekaa humo muda mrefu mno. Geuza majani uangalie upande wa chini na maungio ya shina: pamba nyeupe ni vidung'ata, vidoa vya kahawia vilivyoinuka ni wadudu gamba. Ukifika nyumbani, utenge mmea huo na mingine kwa wiki mbili.

Udongo: hapa ndipo mimea mingi hufia

Udongo mwekundu wa shambani ni mzuri shambani. Ndani ya chungu hushindiliwa kila unapomwagilia, hewa hutoka, na baada ya miezi michache unakuwa mgumu kama tofali. Mizizi hupumua, ikikosa hewa kwa siku chache huanza kuoza, na mmea hunyauka udongo ukiwa umelowa. Mwenye mmea huona majani yamelegea, huongeza maji, na hapo anaumaliza.

Dawa yake ni mchanganyiko wenye nafasi za hewa, na vifaa vyote vinapatikana hapa. Chukua matofali ya kuchoma yaliyovunjika, yaponde kwa nyundo ndani ya gunia, kisha chekecha mara mbili. Chekeche la kwanza liwe la matundu ya milimita 6: kinachobaki juu kiponde tena. La pili liwe la unga: vumbi linalopita litupe, maana ndilo linaloziba nafasi. Unataka punje za milimita 2 hadi 6. Kabla ya kuponda gunia zima, jaribu ubora wa matofali. Loweka konzi moja ya punje ndani ya glasi ya maji usiku kucha, asubuhi zisugue kwa vidole. Zikiyeyuka kuwa tope, tofali hilo halikuiva tanuruni, litafute jingine. Zikibaki ngumu na maji yakabaki karibu safi, umepata.

Kwa mimea ya ndani yenye majani mapana, changanya makopo 2 ya mboji iliyochekechwa, kopo 1 la punje za matofali, na kopo 1 la maganda ya kahawa yaliyooza au maganda ya mpunga yaliyounguzwa hadi kuwa meusi. Kwa sanseviera, zamiokulkasi na mshubiri, geuza hesabu: makopo 2 ya punje kwa 1 la mboji. Samadi ya ng'ombe iliyo mbichi usiitie kabisa. Huunguza mizizi na huleta inzi wadogo weusi ndani ya nyumba. Iliyooza kwa miezi minne au zaidi, isiyonuka tena, inaweza kuchukua nafasi ya nusu ya mboji.

Usiweke tabaka la kokoto chini ya chungu kwa imani kwamba litasaidia maji kutoka. Maji hayashuki kirahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto kubwa. Husimama juu ya mpaka huo hadi udongo ulowe kabisa, kwa hiyo sehemu iliyolowa inasogea juu, karibu zaidi na mizizi. Kinachosaidia ni tundu. Chungu kisicho na tundu kitoboe, na kikiwa cha thamani usichotaka kukitoboa, kitumie kama kava tu, mmea ukae ndani yake katika kopo lenye matundu.

Kumwagilia

Usimwagilie kwa ratiba. Chomeka kijiti cha mishikaki hadi karibu na chini ya chungu, kiache dakika kumi, kisha kivute. Kikitoka kikavu na safi, mwagilia. Kikitoka kimelowa na udongo umekishika, subiri. Ukishafanya hivyo mara kadhaa utaanza kujua kwa uzito tu: chungu kikavu ni chepesi mno ukikiinua.

Ukimwagilia, mwagilia kwa ukamilifu, hadi maji yatoke tundu la chini, si kikombe kidogo kila asubuhi kinacholowesha juu tu. Baada ya nusu saa mwaga maji yaliyobaki kwenye sahani. Jambo hili ni la afya ya nyumba pia: mbu hukamilisha ukuaji wake ndani ya maji kwa wiki moja hadi mbili hivi. Vipandikizi vilivyo kwenye chupa za maji badilishia maji kila siku ya tatu.

Maji ya mvua yaliyovunwa kwenye mabati ni mazuri kuliko ya bomba. Acha tu mvua ya kwanza ya msimu ioshe vumbi la paa kabla ya kukinga. Majani mapana yapanguse kwa kitambaa chenye unyevu kila wiki mbili, hasa kama nyumba iko kando ya barabara ya murramu. Vumbi jekundu likitanda juu ya jani huzuia mwanga ambao tayari ni mchache.

Mbolea

Ya NPK 17-17-17 (yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa) inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo inatosha. Tia kijiko kimoja cha chai, kilicho sawa bila kichuguu, katika lita 10 za maji, acha ilale usiku mmoja, koroga na uchuje. Mwagilia maji hayo ya mbolea mara moja kwa mwezi, udongo ukiwa na unyevu tayari. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo au ncha za majani zimekauka na kuwa kahawia, chumvi imezidi: acha mbolea miezi miwili, na upitishe maji safi mara tatu ya ujazo wa chungu ili kuiosha.

Bonsai: chagua mti wa hapa

Bonsai ni mti wa kawaida uliowekwa mdogo kwa kupogoa matawi na mizizi ndani ya chungu kifupi. Ufundi huu ulianzia China na kukomaa Japani, na ndiyo sababu picha nyingi zinaonyesha misonobari, mijunipa na miti ya maple ya nchi hizo. Mingi ya hiyo inahitaji miezi ya baridi ili ipumzike. Katika joto la Kampala hukua bila kupumzika, ikachoka na kufa ndani ya mwaka mmoja au miwili, hata mikononi mwa mtu makini. Hata Kabale, ambako usiku ni wa baridi zaidi, hakuna majira ya baridi ya kweli.

Mti bora kwa anayeanza Uganda ni mutuba, ambao wataalamu wa mimea huuita Ficus natalensis. Ndio ule ule ambao Baganda huutoa gome la kutengenezea lubugo, yaani nguo ya gome, kazi ambayo UNESCO iliitangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Mti unaobanduliwa gome, ukafungwa majani ya mgomba na kuotesha gome jipya, tena na tena, ni mti unaosamehe makosa. Huota kwa kipandikizi kinene, hufunga vidonda haraka, hukubali kukatwa mizizi, na majani yake hupungua ukubwa ukiupa jua na kuupogoa mara kwa mara. Ukikosa mutuba, Ficus benjamina iliyo kwenye vitalu vyote itafaa. Bogenvilia na mkwaju ni hatua ya pili. Waridi la jangwani hupendeza, ila utomvu wake ni sumu. Vaa glavu unapolikata.

Using'oe miche ndani ya misitu ya hifadhi. Ni kosa kisheria, na hakuna haja. Mwombe jirani mwenye mutuba tawi moja.

Hatua ya 1: kipandikizi. Kata mwanzoni mwa mvua, Machi au Septemba, au Aprili kama uko Gulu, Lira au Moroto, ambako msimu wa mvua ni mmoja mrefu. Chagua tawi lenye unene wa kidole gumba hadi kifundo cha mkono, lenye mpindo kidogo, na ukate urefu wa sentimita 25 hadi 30. Sehemu ya chini ikate tambarare kabisa, kwa msumeno wenye meno madogo, kisha ilainishe kwa kisu kikali. Ukiikata mshazari, mizizi itatoka upande mmoja na mti utaonekana umeegemea maisha yake yote. Osha utomvu mweupe kwa maji, uache ukauke kivulini siku moja. Panda theluthi moja ya urefu wake kwenye mchanganyiko wa nusu punje za matofali, nusu mchanga mkubwa wa ziwa. Funga kisisogee, weka kivulini penye mwanga, na uhakikishe udongo haukauki.

Machipukizi hutokea kwa kawaida kati ya wiki ya tatu na ya sita. Hayo hayathibitishi mizizi, kwa sababu tawi linatumia akiba yake. Usilivute kujaribu, mizizi ya mwanzo hukatika kwa mguso mdogo tu. Ngoja hadi machipukizi yawe na majani sita au zaidi yenye afya, kama miezi mitatu, ndipo ulisogeze juani taratibu.

Hatua ya 2: mwaka wa kunenepesha. Wengi hukimbilia chungu kifupi mapema, na mti hubaki kijiti. Ndani ya chungu kidogo shina halinenepi. Uweke kwenye beseni pana la plastiki lenye matundu, kina cha sentimita 12 hadi 15, nje, kwenye jua la nusu siku au zaidi. Acha kila tawi lifikishe majani manane hadi kumi, kisha likate libaki na mawili au matatu. Shina hunenepa matawi yanapokua, na kila ukikata, tawi linagawanyika. Hapa Uganda, bila majira ya baridi, unaweza kurudia hivyo mara nne au tano kwa mwaka. Katika hatua hii mbolea ile ile itie kila wiki mbili.

Hatua ya 3: kuchagua matawi. Zunguka mti, tafuta upande ambao mizizi ya juu inatawanyika vizuri na shina linaonyesha mpindo wake. Huo ndio uso. Tawi la kwanza liwe karibu theluthi ya urefu wote kutoka chini, la pili juu yake upande wa pili, la tatu nyuma. Matawi mawili yaliyotoka usawa mmoja, ondoa moja, la sivyo shina litavimba hapo. Lolote linalokujia usoni katika theluthi mbili za chini, liondoe pia.

Hatua ya 4: waya. Waya wa alumini wa bonsai ni mgumu kupatikana. Waya wa shaba wa umeme uliovuliwa plastiki unafaa. Ule wa milimita mraba 1.5 unatosha matawi membamba, wa 2.5 kwa yale ya unene wa milimita 5 hivi. Upashe moto kwenye sigiri hadi uwe mwekundu hafifu, uache upoe, utalainika. Unene wa waya uwe kama theluthi ya unene wa tawi. Zungusha kwa pembe ya nyuzi 45, uguse gome bila kubana, na utumie waya mmoja kwa matawi mawili jirani ili kila moja limshikilie mwenzake. Kisha pinda polepole, vidole gumba vikiwa ndani ya mpindo. Kagua kila wiki mbili bila kukosa. Mutuba hunenepa upesi wakati wa mvua, na waya ukizama kwenye gome kovu lake hubaki miaka. Utoe kwa kuukata vipande vipande. Ukiuzungusha kuurudisha utavunja tawi.

Hatua ya 5: chungu kifupi. Urefu wa chungu uwe kama theluthi mbili za urefu wa mti, na kina chake kilingane na unene wa shina pale chini, ingawa kwa anayeanza tunashauri kisipungue sentimita 5, kwa sababu kiangazi hakimhurumii mwenye chungu cha kina kidogo. Unaweza kukifinyanga mwenyewe kwa saruji: sehemu 1 ya saruji kwa 3 za mchanga wa ziwa, wavu wa kuku katikati, umbo kati ya mabeseni mawili, na vipande viwili vya bomba kuacha matundu ya sentimita 2. Kitunze na unyevu siku saba, kisha kilaze ndani ya maji wiki mbili ukibadilisha maji mara kadhaa. Saruji mpya ina chokaa inayounguza mizizi.

Funika matundu kwa kipande cha wavu wa mbu wa dirishani, na upitishe waya wa kufungia mti. Toa mti kwenye beseni mwanzoni mwa mvua, chambua mizizi kwa kijiti, kata theluthi moja tu, ukianza na ile minene inayoelekea chini. Udongo uwe makopo 3 ya punje za matofali, 1 la mboji, 1 la mchanga mkubwa. Funga mti usitikisike. Mti unaotikiswa na upepo hukata mizizi yake mipya kila siku. Chomachoma udongo kwa kijiti ujaze nafasi chini ya shina. Mwagilia hadi maji yanayotoka yawe safi. Kivulini wiki mbili, bila mbolea wiki nne, bila waya wala kupogoa sana kwa wiki sita. Baada ya hapo, rudia kazi ya mizizi kila mwaka mmoja na nusu au miwili.

Bonsai ikae barazani au nje. Sebuleni iingie siku mbili tatu wageni wanapokuja, kisha irudi. Wakati wa kiangazi ikague asubuhi na jioni, maana udongo wake mchache unaweza kukauka kwa siku moja.

Inapoharibika

Majani ya chini yakigeuka njano huku udongo umelowa, mizizi inaoza: toa mmea, kata mizizi ya kahawia inayoteleza, panda upya kwenye mchanganyiko wenye punje nyingi. Shina likirefuka na majani yakiachana mbali, mwanga ni mdogo. Fikasi (mutuba au Ficus benjamina) ikipukutisha majani baada ya kuhamishwa, inazoea mwanga mpya. Usiihamishe tena na usiongeze maji, itachipua.

Vidung'ata na wadudu gamba wafute kwa pamba iliyolowa spiriti, kisha nyunyiza sabuni ya maji, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji, chini ya majani, jioni, kila baada ya siku tano, mara tatu. Ukinyunyiza mara moja tu, mayai yatakayoanguliwa yatakurudisha mwanzo. Angalia kama sisimizi wanapanda mti: wanawalinda vidung'ata kwa ajili ya utamu wanaoutoa, kwa hiyo miguu ya meza ya bonsai ipake grisi. Utando mwembamba na majani yenye vidoa vya rangi ya vumbi ni utitiri, ambao hustawi hewa ikiwa kavu. Oshea mmea wote kwa maji yenye nguvu.

Ukienda kijijini Desemba

Safari ya sikukuu huangukia kiangazi katika sehemu nyingi za nchi, na ndipo bonsai nyingi hufa. Mimea ya ndani isogeze mbali na dirisha, imwagilie kikamilifu, kisha chomeka ncha moja ya utambi wa kitambaa cha pamba kwenye udongo na nyingine ndani ya ndoo ya maji iliyofunikwa, mbu wasiingie. Sanseviera na zamiokulkasi ziache zilivyo. Bonsai izike hadi ukingo wa chungu ndani ya karai lenye matundu lililojaa mchanga uliolowa, chini ya kivuli cha mti. Hivyo itahimili siku nne au tano. Ukikaa zaidi, mwachie jirani, na umwonyeshe kwa vitendo: alowanishe mchanga na udongo wa chungu kila asubuhi hadi maji yatoke chini.